Kabla ya Mashine, Kiti

Mojawapo ya mashine za kwanza za kuchapa haikutengenezwa kwa ajili ya karani. Mnamo mwaka 1808 hivi, Mwitaliano Pellegrino Turri alimuundia mashine hiyo rafiki yake, Carolina Fantoni, aliyekuwa haoni, ili aandike barua zake bila kumtegemea mtu. Ofisi zilikuja kunufaika baadaye.

Moshi, Tanzania, nako, macho yalitangulia. Shule ya Msingi Mwereni imekuwa ikiwasomesha watoto wasioona bega kwa bega na wanaoona, na shule za namna hiyo hutumia mashine ya nukta nundu ya Perkins, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1951: vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Mtoto akiimudu, hakuna wa kumkemea kwa mwandiko mbaya.

Anayepata taabu ni yule anayeona ubao vizuri, anajibu kwa mdomo bila kusita, lakini mkono haumtii. Mmoja ana mtindio wa ubongo. Mwingine viungo vyake vyote vinaonekana vizima, na huyo ndiye anayeitwa mvivu.

Kwa watoto hawa, habari inaanzia KCMC, hospitali ya hapo Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1981, kwa msaada wa Ujerumani, kikaanzishwa hapo TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kunyoosha viungo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yakaongezeka mafunzo ya tiba kwa vitendo. Na wataalamu wa fani hiyo hawaanzi na kalamu. Wanaanza na makalio: mtoto ameketi sawasawa? Nyayo zinagusa sakafu? Meza imefika usawa wa kiwiko? Mwili ukiyumba, vidole havina pa kujishikiza. Ndipo huja ubao wa kuinamisha daftari, karatasi iliyobandikwa isiteleze, penseli iliyozungushiwa mpira wa tairi ya baiskeli ili inenepe. Vyote hivyo fundi wa mtaani anaviweza.

Hata kiti chenyewe si lazima kiwe cha mbao. Mwalimu Bevill Packer wa Zimbabwe alibuni njia ya kutengeneza samani kwa maboksi yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa uji wa unga, nayo ikaenea hadi Afrika Mashariki. Ni ya bei nafuu, ingawa masika hayana urafiki na karatasi mbichi.

Darasani, hata hivyo, dawati ni la saizi moja. Kampeni ya madawati nchini mwaka 2016 ilihesabu madawati. Urefu wa miguu ya watoto haikuupima. Mwaka mmoja kabla yake, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulikuwa umejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo asiyeweza kuandika anaanza shule akiwa nyuma.

Baraza la Mitihani huongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, 10 katika masomo mengine. Wanaotajwa ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Yule wa viungo vizima na mkono mgumu hayumo. Darasa la saba, ambako tangu mwaka 2012 majibu mengi ni ya kusiliba viduara, anaweza kupenya. Kidato cha nne kinamngoja na insha.