Udongo na Rangi ya Buluu: Filamu Zinavyowavisha Watu Wasiojulikana

Mwalimu mwenzangu, mtunzi wa riwaya ya kihistoria ana nafasi ambayo mwelekezi wa filamu hana: anaweza kunyamaza. Akiandika kwamba mtu alitokea kichakani, msomaji hamdai shati wala mtindo wa nywele. Kamera hainyamazi. Mhusika akishaonekana, sharti awe amevaa kitu au yu uchi. Na pale historia inapokosa jibu, jibu hutafutwa kwingine. Swali linalozuka ni: kwingine wapi?

Hebu tutazame The Eagle (2011) ya Kevin Macdonald, yule yule aliyeelekeza The Last King of Scotland (2006) kuhusu Idi Amin. Imetokana na riwaya ya Rosemary Sutcliff ya mwaka wa 1954. Afisa wa Kirumi anavuka ukuta wa Hadrian, mnamo mwaka wa 140, kuitafuta sanamu ya tai ya kikosi cha babake. Huko kaskazini anakutana na Watu wa Sili. Habari za wakazi halisi wa eneo hilo ni chache mno, tena nyingi ziliandikwa na adui zao Warumi. Filamu inawapaka udongo wa kijivu na kuwapa Kigaeli cha siku hizi. Mtazamaji anakumbuka nini? Wenyeji wa Amerika, jinsi Hollywood ilivyozoea kuwasawiri.

Mazoea haya hayakuanzia Hollywood. Mnamo 1590 Theodor de Bry alichapisha picha za wenyeji wa Virginia, zilizotokana na michoro ya John White. Mwishoni aliongeza Wapikti, watu wa kale wa Scotland, wakiwa uchi na miili yao imejaa michoro, ili kuonyesha kwamba Uingereza nayo iliwahi kuwa na "washenzi". Mgeni mmoja alisawiriwa kwa kioo cha mgeni mwingine.

Rangi ya buluu nayo ina kisa chake. Julius Caesar, aliyevamia Uingereza mwaka wa 55 na 54 KK, aliandika kwamba watu wake walijipaka rangi hiyo ili watishe vitani. Kaskazini hakufika. Hata hivyo, King Arthur (2004) inawapaka watu wa kaskazini, na Braveheart (1995) inampaka William Wallace, shujaa wa 1297! Sentensi moja imedumu zaidi ya miaka 1,300 (uvivu wa aina hii tukiukuta katika insha ya mwanafunzi, tunauwekea alama nyekundu).

Wapikti wenyewe walituachia mawe ya kuchongwa. Ni ya karne kadhaa baada ya kisa cha The Eagle, kwa hivyo hayatoshi kuwa ushahidi dhidi yake. Lakini katika lile la Hilton of Cadboll, la mnamo mwaka wa 800, kuna mwanamke juu ya farasi katikati ya msafara wa mawindo. Amevaa vazi lenye mikunjo, na kifuani ana bizimu.