Dereva mwanafunzi kwenda kazini peke yake (Kitale na Bungoma)

Nchini Kenya, dereva mwanafunzi ni mwenye leseni ya muda ambaye hajafaulu mtihani wa udereva. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haimruhusu kuendesha gari peke yake. Kando yake lazima aketi mtu mwenye leseni kamili ya aina hiyo ya gari, na herufi L ibandikwe mbele na nyuma. Kukosa L pekee hutozwa faini ya shilingi 1,000. Safari ya kazini haina msamaha. Mwalimu wa Kitale aliyepangiwa shule ya Bungoma, hata akiwa amenunua gari kwa mkopo na anachelewa kengele ya asubuhi, yumo chini ya sheria ileile.

Ireland iliwahi kulegeza jambo hili: waliokuwa na leseni ya pili ya muda waliendesha bila msimamizi hadi katikati ya mwaka 2008, ruhusa hiyo ilipofutwa.

Katika mtihani unaosimamiwa na NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama iliyoundwa kwa sheria ya 2012, mtahiniwa husukuma kigari cha kuchezea juu ya bodi yenye mji mdogo, akionyesha anavyoingia mzunguko na anavyoegesha. Bodi hiyo hufundisha alama na zamu za kupita. Barabara ya Kitale hadi Webuye, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, hudai zaidi: bodaboda huchomoka kwenye vichochoro vya mashambani, matatu husimama ghafla kuchukua abiria, na trekta za miwa hukokota tela zisizo na taa. Kutoka Webuye kwenda Bungoma mwanafunzi huingia kati ya malori marefu ya mpaka wa Malaba. Hapo msimamizi ndiye jicho la upande wa kushoto. Gari la nyumbani halina breki ya pili kama la shule ya udereva, kwa hiyo mkono wa msimamizi hukaa karibu na breki ya mkono, na anayesinzia au kuchezea simu hasimamii chochote.

Hati za bima kwa kawaida hutaka masharti ya leseni yafuatwe. Anayeyavunja huhatarisha fidia ya gari lake.

Njia ya halali iliyo rahisi ni kusafiri na mfanyakazi mwenza mwenye leseni, akae kiti cha kushoto. Kubeba abiria wa nauli njiani ni kosa jingine, kwani gari la abiria lina leseni yake.