Wagonjwa Waliokuwa Wauguzi: Historia ya Tiba ya Fistula

Fistula ya uzazi ni tundu linalotokea kati ya uke na kibofu cha mkojo, au kati ya uke na njia ya haja kubwa, pale kichwa cha mtoto kinapokwama nyongani kwa siku kadhaa na kuzibana nyama laini za mama hadi zikakosa damu na kufa, hata mkojo ukawa unavuja usiku na mchana. Hatari hiyo humkabili zaidi msichana anayezaa kabla nyonga yake haijakomaa, na Ibn Sina alikwisha kuwatahadharisha matabibu juu yake katika karne ya 11; lakini upasuaji uliokuja kuenea ulimwenguni ulikamilishwa Montgomery, Alabama, kusini mwa Marekani, katika miili ya watumwa.

Mwaka 1845 daktari J. Marion Sims aliitwa kumzalisha Anarcha, mtumwa wa miaka ipatayo 17, aliyekuwa na uchungu kwa siku tatu. Baada ya kujifungua, hakuweza tena kuzuia mkojo wala choo. Sims alimweka yeye, Betsey, Lucy na wengine katika jengo dogo uani kwake, kwa makubaliano na mabwana zao. Baadaye aliandika kwamba wanawake hao waliutaka upasuaji, na bila shaka walitamani kupona, ila asiye na haki ya kukataa hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia. Lucy alipasuliwa bila dawa ya usingizi mbele ya madaktari wapatao 12, na sifongo iliyoachwa ndani yake nusura imuue. Wasaidizi wa Sims walipokata tamaa na kuondoka, wanawake hao walijifunza kushikana na kuhudumiana wakati wa upasuaji, kazi ambayo vitabu vya tiba viliinyamazia kwa muda mrefu. Mwaka 1849, Anarcha alipopasuliwa kwa mara ya 30, jeraha lake lilishonwa kwa nyuzi za fedha, likafunga.

Kwa sababu ya upasuaji huo juu ya watumwa, sanamu iliyowekwa kumuenzi Sims iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018. Wagonjwa walikuja kuwa wauguzi tena, safari hii kwa ajira, huko Addis Ababa: katika hospitali ya fistula ambayo madaktari Reginald na Catherine Hamlin waliifungua mwaka 1974, wagonjwa wa zamani waliajiriwa kuwa wauguzi wasaidizi, na mmoja wao, Mamitu Gashe, aliyefika kwa akina Hamlin akiwa msichana mwenye fistula na asiyejua kusoma, alifundishwa kupasua hadi naye akawafundisha madaktari waliotoka nchi nyingine.