Miliki Ubunifu: Ngoma ya Magu ni Mali ya Nani?

Miliki ubunifu ni haki ya kisheria juu ya kitu kilichotoka akilini: wimbo, mashine, nembo, mbegu mpya. Wapo wanaoandika miliki bunifu. Mimi nashika ubunifu, kwa kuwa hicho ndicho kinachomilikiwa. Bunifu ni sifa, na ukiiambatisha na miliki inakuwa kana kwamba miliki ndiyo yenye kubuni. Ndani ya istilahi hii mna hakimiliki ya waandishi na wasanii, hataza ya wavumbuzi, na alama za biashara na huduma. Tanzania Bara, hataza na alama husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Zanzibar ina sheria zake, maana jambo hili si la Muungano, na sera yoyote ya taifa itaanza na kazi ya kuzioanisha pande hizo mbili.

Kazi ngumu zaidi iko Magu, mkoani Mwanza. Pale Kisesa, kwenye Makumbusho ya Bujora yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, sikukuu ya Bulabo huwakutanisha Wagalu na Wagika, vyama vya ngoma vya Wasukuma, kila Juni. Vyama hivi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Wapo wanaocheza na chatu, wapo wa ngoma ya bugobogobo na majembe yao. Shamba la Msukuma lina mpaka wa minyaa. Ngoma haina, na yeyote mwenye simu huondoka nayo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, bila kumdai usajili. Basi wimbo ambao ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, ameutunga kwa ajili ya Bulabo ya mwaka huu ni wake. Lakini mtindo wa ngoma, mavazi na mwendo wa majembe vinahesabiwa kuwa sanaa za jadi. Anayetaka kuvitumia kwa faida nje ya mila huomba idhini kwa mamlaka ya serikali.

Hapo ndipo nisipokubaliana na sheria. Inachukulia kwamba cha mababu hakina mwenyewe anayejulikana, hivyo dola ikishike kwa niaba ya wote. Wagalu na Wagika wanajulikana vizuri. Wana viongozi, wanachama, dawa zao, na kumbukumbu ya waasisi wao wa karne ya 19, Gumha na Ngika. Ni wamiliki kamili, ila hawana cheti.

Njia ya kuwatambua ipo. Itifaki ya Swakopmund ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, iliyopitishwa Namibia Agosti 2010 chini ya ARIPO, shirika la miliki ubunifu ambalo Tanzania ni mwanachama wake, inazihesabu jamii zenyewe kuwa wenye haki. Sera ya taifa ikishika msingi huo, mwenye kutaka kuuza video ya bugobogobo atalazimika kuzungumza kwanza na vyama vya Magu, na ada atailipa huko.