Mke na Jina Lake

Mara nyingi katika jumuiya zetu huulizwa: je, mwanamke akifunga ndoa, yampasa aache jina lake na kuchukua la mumewe?

Desturi hiyo ilikomaa Uingereza. Sheria ya zamani ya huko iliwahesabu mume na mke kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Mali ya mke ilipita mikononi mwake, na jina likafuata mali. Ufaransa ilishika njia nyingine: sheria ya mwaka 1794 iliagiza kila raia abaki na jina lililoandikwa katika hati yake ya kuzaliwa. Ubelgiji, uliounganishwa na Ufaransa mwaka 1795, uliirithi kanuni hiyo. Hata leo mwanamke wa Kibelgiji hubaki na jina la kwao katika hati, ingawa majirani waweza kumwita Madamu kwa jina la mumewe.

Matokeo yake twayaona karibu na Kapolowe. Walamba waligawanywa na mpaka wa wakoloni. Upande wa Zambia, uliotawaliwa na Waingereza, mke mara nyingi huandikwa kwa jina la mume; upande wetu hubaki na lake. Tena kwa Walamba ukoo hufuata mama. Mke hakuuacha ukoo wake kwa kuolewa, bali aliwarithisha watoto. Kuitwa "Mama Fulani" kulimwongezea heshima, hakukufuta jina lake.

Nalo Kanisa? Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulimwagiza paroko aandike kitabuni majina ya waoanao na ya mashahidi, pamoja na siku na mahali. Haukumwagiza mke abadili jina.

Hata hivyo, jina peke yake halikumlinda. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Kwa miaka 29 alikuwa na jina lake, lakini sahihi yake haikutosha.

Basi tuhakikishe jina la mke limeandikwa sawasawa katika ubatizo, katika ndoa na serikalini, kwani siku ya ujane hati hizo ndizo zitakazomsemea. Na nyumbani, neno lake lipewe uzito uleule wa jina lake.