Profesa aliyetunza majani ya ng'ombe

Huko Ufini, theluji hufunika malisho kwa miezi mingi. Zamani, ng'ombe walikula hasa majani makavu wakati huo, na maziwa yakapungua. Profesa Artturi Ilmari Virtanen, aliyezaliwa Helsinki mwaka wa 1895, alichunguza shida hiyo katika maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alionyesha kwamba majani mabichi yakitiwa asidi iliyopunguzwa kwa maji, kisha yakafunikwa vizuri, hayaozi na yanabaki na lishe. Njia hiyo iliitwa AIV, herufi za majina yake. Mwaka wa 1945 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mfugaji aliyekimbia vita na ng'ombe wake anaelewa uzito wa kazi hiyo: malisho yakikosekana, watoto wanakosa maziwa.