Kobalti Mfukoni

Niliacha fizikia mwaka wa pili, lakini yenyewe haijaniacha. Usiku usio na mwezi pale Dunga, taa za wavuvi wa omena zikiwaka ziwani, mimi niko na simu tu.

Betri za simu nyingi zina matabaka ya kobalti na oksijeni, lithiamu katikati. Goodenough na wenzake waliyaonyesha Oxford mwaka 1980. Lithiamu ikipungua, yanapitisha umeme kama metali. Sumaku iliyofichika humo huchunguzwa kwa mbinu ya Bloch na Purcell ya 1946: viini vya atomu vinawekwa kwenye sumaku kali, vinapigwa mawimbi ya redio, halafu vinasikilizwa. Jibu la kiini linafichua majirani zake.

Goodenough alipata Nobel 2019. Kobalti nyingi inatoka Kongo, pande za Kolwezi. Huko nani alisikilizwa?